Meneja wa timu ya mbio za baiskeli ni nani?

Ukisema "meneja wa timu", wengi humfikiria mtu wa posho, vibali na nyumba ya kulala wageni. Katika mbio za baiskeli za barabarani, meneja ni yule aliye ndani ya gari nyuma ya kundi, anayeamua nani achomoke (aliache kundi na kutangulia), nani atulie, na nani amwachie kiongozi wake gurudumu akipata pancha. Wafaransa humwita directeur sportif. Wengi wa mameneja hawa walikuwa waendeshaji, na sababu yake inaonekana vizuri kwenye barabara ya Dodoma kwenda Kondoa.

Wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki. Ukielekea kaskazini, unakupiga ubavu wa kulia. Kujificha nyuma ya mwenzako moja kwa moja hakukusaidii tena; kinga iko nyuma yake upande wa kushoto. Kundi linajipanga mshazari: wa kwanza karibu na mstari wa katikati, wengine wakishuka kuelekea ukingo wa kushoto. Barabara isipofungwa mnabaki na upande mmoja tu, na hapo wanaenea watu watano, pengine sita. Wa saba anabanwa ukingoni, analiwa na upepo peke yake, na baada ya kilomita chache ameachwa. Kwa hiyo amri ya "sogeeni mbele" hutolewa kabla ya kufika uwanda wa wazi. Ukiitoa upepo umeshaanza kupiga, umechelewa. Aliyewahi kuwa huyo wa saba hasahau kuitoa mapema.

Hesabu ya maji nayo ni yake. Waendeshaji 6 kwa saa 4 za jua, chupa moja na nusu kwa saa kila mmoja, ni chupa 36. Wanaanza na 12 kwenye fremu, 24 zinapanda gari. Meneja anayebeba 15 atapata timu yenye mikakamao ya misuli saa ya mwisho, kisha atalaumu mazoezi.

Halafu kuna miiba ya migunga, ambayo huku kwetu ni adui kuliko vilima. Pancha ikitokea gurudumu la nyuma, mwendeshaji ashushe cheni kwenye gia ya nyuma yenye meno machache kabisa kabla ya kusimama, ili fundi alichomoe na kuingiza jingine bila kuhangaika. Fundi hukaa kiti cha nyuma, gurudumu mkononi, si kwenye buti. Tyubu ikibadilishwa baadaye, lazima kidole kipite taratibu ndani ya tairi lote: ncha ya mwiba ikibaki, tyubu mpya haifiki mbali. Na anayerudi kundini asikokotwe na gari kwa kisingizio cha kupokea chupa. Makamisaa, yaani waamuzi wa mbio, wanaadhibu hilo, na ni haki yao.

Mfano mkubwa wa safari hii ya kutoka kwenye baiskeli hadi garini ni Mfaransa Cyrille Guimard. Magoti yalimharibia mbio, na mwaka 1976, akiwa na miaka 29, alikuwa anaongoza timu kwenye Tour de France. Siku ya kupanda kuelekea Saint-Lary-Soulan alimwagiza mwendeshaji wake Lucien Van Impe ashambulie mapema. Van Impe alisita, Guimard akamkazania, na Tour ikawa ya Van Impe. Baada ya hapo Bernard Hinault alishinda Tour mara 4 chini yake na Laurent Fignon mara 2.

Lakini miguu ya zamani peke yake haitoshi. Kosa la waliotoka kwenye mbio ni kumwendesha kila kijana kana kwamba ana mwili wao. Aliyekuwa mpanda milima humtuma mtu mzito achomoke kwenye ngazi ya Bonde la Ufa kati ya Bahi na Manyoni, wakati mtu huyo angefaa zaidi kuwakinga wenzake upepo kwenye tambarare kabla ya mlima.

Anayetaka kuanza hupewa kiti cha pembeni, si usukani: msimu mzima wa kusoma ramani, kuandika namba za waliochomoka na kupima pengo kwa saa. Anachagua alama moja, tuseme nguzo ya kilomita, anabonyeza saa wa mbele anapopita, anabonyeza tena kundi linapofika. Kundi likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, dakika moja ni mita 667 za kufukuza.