Una pumu na presha? Sema kabla hujaandikiwa dawa

Mwezi Mei hutuletea watu wengi wa kupima: Jumanne ya kwanza ni Siku ya Pumu Duniani, na tarehe 17 ni ya Shinikizo la Damu. Mwenye maradhi yote mawili huja mara zote mbili, pumu akaitaja mara ya kwanza tu.

Pumu ikiwa nyepesi, mgonjwa huiona kama haipo. Baridi ikiingia kifua kinambana kidogo, anavuta salbutamoli, dawa ya kufungua kifua, yanaisha. Akiulizwa kama ana ugonjwa mwingine, anajibu hapana. Kumbe propranololi, dawa ya presha ambayo wengine wanaazimana majumbani, huziba mlango ule ule ambao salbutamoli huutumia kufungua njia za hewa. Akibanwa, anavuta na nafuu haiji. Ndugu zake, atenololi na bisoprololi, hulenga moyo zaidi, lakini nazo si za kujianzishia. Hata timololi ya matone ya macho, ya jamii hiyo hiyo, itajwe kwa daktari.

Dawa nyingine za presha zipo. Amlodipini na losartani kwa kawaida hazisumbui kifua. Enalaprili na kaptoprili huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu. Mgonjwa hudhani pumu imezidi, akaongeza kuvuta. Kikohozi hicho hakiponi kwa salbutamoli. Rudi kwa daktari, dawa ibadilishwe.

Kwa Tanzania, dawa za presha ni za cheti cha daktari. Cheti kiwe na jina lako, umri, tarehe, jina la dawa, nguvu yake, namna ya kuitumia, muda wa matumizi, na jina na saini ya aliyeandika. Picha ya kopo la jirani kwenye simu si cheti. Anayekuuzia bila cheti anavunja sheria, na Baraza la Famasi, lililo chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, lina mamlaka ya kumfutia kibali. Kwa hiyo mfamasia akikukatalia, usimgombeze.

Na jamani, presha haipimwi kwa kichwa kuuma! Kaa utulie dakika 5, upimwe kwa mashine.

Aliye tayari kwenye propranololi asiiache ghafla kwa kusoma makala hii. Moyo unaweza kudhurika. Amwone daktari mapema, na akibanwa kifua aende siku hiyo hiyo, na mfuko wa dawa zake zote, pamoja na ile diklofenaki ya maumivu ya mgongo: hupandisha presha, na kwa baadhi ya wenye pumu huamsha shambulio.