Kaliba ya bastola: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nchini Kenya, anayetaka bastola halali hulazimika kuamua kaliba, yaani upana wa risasi na mtutu wake, mapema. Cheti kinachotolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi ambacho mwenye cheti anaruhusiwa kuwa nacho. Ukibadili mawazo baadaye, unarudi tena mbele ya Bodi ya Leseni za Silaha na makaratasi mapya. Tanzania nako kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kote kuwili silaha isiyo na leseni ni kosa la jinai. Kwa hiyo inasikitisha mtu anapochagua kwa kufuata filamu na maneno ya kijiweni, kisha akabaki na bastola asiyoweza kuilenga.

"Kaliba kubwa humwangusha mtu papo hapo"

Hii ndiyo mama wa dhana zote potofu kuhusu bastola. Watu huitaja .45, kaliba ya karibu nusu inchi, kana kwamba ikimgusa mtu popote, amekwisha.

Tuweke namba mezani. Risasi ya kawaida ya 9×19, ile inayoitwa 9 mm, ina kichwa cha gramu 8 (greni 124) kinachotoka mtutuni kwa takriban mita 350 kwa sekunde. Ya .45 ACP ina kichwa cha gramu 14.9 (greni 230) kinachokwenda kama mita 260 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya nishati, zote mbili zinacheza kwenye jouli 500. Moja imefidia kwa kasi, nyingine kwa uzito.

Halafu kuna kanuni ya Newton: msukumo anaopata aliyepigwa hauwezi kuzidi ule unaorudi mkononi mwa mpigaji. Kama .45 ingeweza kumtupa mtu wa kilo 70, aliyeifyatua naye angelala chali. Hesabu ya msukumo huo inatoa mwendo wa sentimita 5 au 6 kwa sekunde, ambao mtu aliyesimama wima hautambui.

Kinachomsimamisha mshambuliaji ni mahali risasi ilipoingia na kina ilichofika. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilijifunza hilo kwa gharama ya maisha. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wake walipambana na majambazi wawili wa benki na maofisa wawili wakauawa. Mapema katika mapambano, risasi moja ya 9 mm ilimpata mmoja wa majambazi, ikapita mkononi, ikaingia kifuani na kuishia kabla ya kuufikia moyo. Mtu huyo akaendelea kupiga. Lawama ikaangukia kaliba. FBI wakahamia 10 mm, kisha .40 S&W iliyoingia sokoni mwaka 1990, na vikosi vingi vya polisi Marekani vikawafuata.

Sehemu ya hadithi inayosahaulika ndiyo yenye maana zaidi. Baada ya Miami, FBI waliweka kipimo: risasi ipigwe kwenye jeli maalumu, ikiwa tupu na ikiwa nyuma ya tabaka za nguo, mbao, bati na kioo cha gari, na ipenye kati ya sentimita 30 na 46. Viwanda vikaanza kubuni vichwa vya risasi kwa kufuata kipimo hicho. Kufikia mwaka 2014, kitengo cha mafunzo cha FBI kule Quantico kilieleza wazi kwa nini idara inarudi 9 mm: risasi bora za kisasa za 9 mm, .40 na .45 zinafanya kazi inayokaribiana mno kwenye jeli, ilhali wapigaji wengi wanalenga vizuri zaidi na haraka zaidi wakiwa na 9 mm. Bastola ya ukubwa wa Glock 17 nayo hubeba risasi 17 za 9 mm, wakati bastola ya 1911 ya kawaida ya .45 hubeba 7 au 8.

Kwa maoni yetu, anayenunua bastola moja tu kwa ajili ya kujilinda na mazoezi hana sababu ya kwenda juu ya 9×19, isipokuwa awe na sababu mahususi ya mashindano.

"Mwanamke, au mtu mwenye mikono midogo, apewe bastola ndogo"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema na huharibu wapigaji wengi. Ukifyatua risasi ileile katika bastola mbili, moja ya nusu kilo na nyingine ya kilo moja, teke la ile nyepesi, yaani msukumo unaorudi mkononi, lina nishati mara mbili. Ceska ya chuma, CZ 75 ambayo jina lake limezoeleka sana Kenya, ina uzito wa karibu kilo moja bila risasi, na kwa 9 mm inatulia mkononi. Bastola ya mfukoni ya kaliba hiyohiyo huruka, na kwa kuwa mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinakosa mahali pa kushika.

Hata .380 ACP, inayosifiwa kuwa laini, inategemea muundo wa bastola. Nyingi za zamani, Walther PPK ikiwemo, mtutu wake haujifungi na slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapopigwa) wakati wa mlipuko. Kinachozuia slaidi isirudi mapema mno ni uzito wake na springi ngumu. Matokeo yake ni mambo mawili: teke la ghafla linalochoma kiganja, na slaidi ngumu kuvuta. Mtu mwenye vidole dhaifu aliyenunua .380 ili apate urahisi anajikuta hawezi hata kuijaza. Kabla ya kununua, vuta slaidi ya bastola iliyothibitishwa kuwa tupu mara kumi mfululizo, mtutu ukielekea upande salama. Ukichoka kwenye ya sita, tafuta nyingine.

Teke likizidi uwezo wa mpigaji, mwili hujifunza kulikwepa. Sekunde ile triga inapokaribia kukata, kifundo cha mkono husukuma mtutu chini na risasi zinatua chini ya shabaha, mara nyingi chini kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Mpigaji hajioni akifanya hivyo, kwa sababu mlipuko unaficha kila kitu. Dawa yake ni rahisi: mwenzako achanganye risasi bandia mbili kati ya halisi ndani ya magazini bila wewe kujua zilipo. Triga ikikata kwenye bandia, hakuna mlipuko, na mtutu utauona ukiinama chini waziwazi. Kosa hili huondolewa kwa mazoezi ya kukandamiza triga polepole na kwa kaliba ndogo, wala haliondolewi kwa kukaza mikono.

Kushika kwa ulegevu nako kuna adhabu. Bastola inayojijaza yenyewe inahitaji fremu itulie ili slaidi isafiri njia yake yote. Mkono ukiyumba nyuma pamoja nayo, ganda tupu hubanwa kwenye dirisha la kutolea maganda likiwa limesimama wima. Wengi hukimbilia kulaumu bastola au risasi.

".22 ni ya watoto"

Risasi ya .22 hutoa nishati kama jouli 120 kutoka mtutu wa bastola, robo ya 9 mm, lakini inaua, na vifuko vyake huandikwa tahadhari kwamba inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Mlio wake kwenye bastola bado unavuka desibeli 140, kiwango kinachodhuru masikio, kwa hiyo vifunika masikio havina mjadala.

Kwa burudani na kujifunza, hakuna kaliba inayoishinda. Risasi zake ni za bei nafuu kuliko nyingine zote, teke ni dogo, na mashindano ya bastola ya mita 25 kwenye Olimpiki hutumia hiyohiyo. Kwa kujilinda, udhaifu wake mkubwa hauko kwenye ukubwa peke yake. Fataki ya .22, dawa inayowasha baruti, imepakwa ndani ya ukingo wa ganda kwa kuzungushwa, na sehemu ya ukingo ikikosa dawa, pini inagonga bila mlipuko. Kwenye uwanja wa shabaha unasubiri nusu dakika, mtutu ukielekea mbele, kisha unaitoa. Mbele ya mshambuliaji huna nusu dakika.

"Kaliba ndogo haipenyi ukuta, ni salama nyumbani"

Si kweli, na hapa mtu anaweza kumuua mwanawe. Risasi yoyote ya bastola, .22 ikiwa mojawapo, inapita mlango wa mbao, mabati na kizigeu cha jipsamu kama vile vilivyojaa kwenye fleti za Nairobi. Watu hudhani risasi yenye tundu kichwani, iliyobuniwa itanuke ikiingia mwilini, itasimama ukutani. Tundu likijazwa jipsamu au mbao mara nyingi kichwa hakifunguki, na risasi inaendelea kama ya kawaida. Ukuta wa jiwe au zege ni hatari ya aina nyingine: risasi inaruka pembeni au inapasuka vipande.

Usalama wa waliomo nyumbani unapangwa kabla: nani analala wapi, na ni upande gani wa nyumba ambao risasi haipaswi kuelekezwa hata kidogo. Sanduku la chuma lenye kufuli nalo ni lazima, kaliba yoyote iwayo.

"Risasi zenye tundu zimepigwa marufuku duniani"

Azimio la Hague la mwaka 1899, lililokataza risasi zinazotanuka mwilini, linahusu vita baina ya mataifa. Polisi wa nchi nyingi wanazitumia, kwa sababu kichwa kinachotanuka hupunguza uwezekano wa risasi kumpita aliyelengwa na kumfikia aliye nyuma yake. Kwa raia, kinachoamua ni sheria ya nchi yake na masharti ya cheti chake, basi uliza kwa muuzaji mwenye leseni kabla ya kuagiza.

Ukiruhusiwa, zijaribu kwenye bastola yako. Tundu lile hubadilisha umbo la kichwa, na baadhi ya bastola hukwama zinapoiingiza risasi hiyo kwenye chemba, mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Piga angalau magazini tatu zilizojaa, kila magazini unayomiliki ikipata zamu. Bastola fupi inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mtutu mfupi hupunguza kasi na kichwa kilichobuniwa kwa mtutu mrefu kinaweza kukosa kufunguka.

Jambo moja linalopuuzwa na wanaobeba kila siku: kutoa risasi kwenye chemba jioni na kurudisha risasi ileile asubuhi, kila mara, husukuma kichwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo hupanda, na .40 ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuharibu bastola namna hii. Ilinganishe na risasi mpya ya aina hiyo ukiziweka sambamba mezani. Ikiwa fupi, usiipige.

"Kwenye mashindano, mwenye kaliba kubwa ndiye anayeshinda"

Michezo mingi imeliwekea jambo hili kanuni. Uzito wa kichwa kwa greni unazidishwa na kasi kwa futi kwa sekunde, kisha unagawanywa kwa 1,000. Katika IDPA, mchezo wa kulenga kwa bastola ulioletea Kirigiti, Kiambu, mashindano ya Afrika mwaka 2021, kundi la bastola za kawaida linahitaji 125 tu. Greni 124 za 9 mm kwa futi 1,148 zinatoa 142, na baki linatosha. Kundi la .45 linahitaji 165. Kila mtu anashindana na wa kundi lake, na muda na usahihi ndivyo vinavyohesabiwa.

"9 mm ni 9 mm"

Dhana hii hulipua bastola, au huiacha na risasi iliyokwama mtutuni. Kuna 9×17, ambayo ndiyo .380. Kuna 9×18 ya Makarov, ambayo kichwa chake ni kipana zaidi, milimita 9.27. Kuna 9×19, inayoitwa pia Luger au Parabellum, na kuna 9×21. Herufi zilizochongwa kwenye mtutu lazima zilingane na zile zilizo chini ya ganda, na zote zilingane na kilichoandikwa kwenye cheti. Soma moja moja, hasa risasi zilizotoka kwenye kifuko kilichofunguliwa.

Kwenye rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka, kuna mchanganyiko unaoruhusiwa: ya .357 Magnum inapiga .38 Special bila tatizo, na ni njia nzuri ya kufanya mazoezi kwa teke dogo. Kinyume chake hakifai kabisa. Ukishapiga .38 nyingi, sugua chemba kwa brashi ya shaba, kwa sababu ganda fupi huacha pete ya masizi mahali ambapo ganda refu la .357 linatakiwa kukaa, na likikwama pale ni taabu kulitoa.

Na kwa kaliba yoyote: ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, au teke likapungua ghafla, acha hapohapo. Kidole nje ya triga, mtutu mbele, toa magazini, toa risasi iliyo kwenye chemba, fungua bastola na uangalie mtutu kuanzia upande wa chemba. Kama huoni mwanga upande wa pili, kuna kichwa kimekwama ndani. Mpelekee fundi wa silaha, na risasi zilizobaki kwenye kifuko kile ziweke kando usizipige tena.