Maswali ya mlango wa ushauri nasaha: afya ya akili kwa wanafunzi na wafanyakazi wa vyuo vikuu

Maswali haya huulizwa na watu wa vyuo vikuu vya Tanzania wanapofika kwa mshauri nasaha, au wanapomtuma rafiki aulize kwa niaba yao.

Nitajuaje kama hii ni presha ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, au ni ugonjwa?

Presha ya mitihani ina mwisho. Karatasi ya mwisho ikikusanywa unalala, unakula, unarudi kwenye mpira na stori za wenzako. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, haiondoki kwa sababu mitihani imeisha au bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, limeingia. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, moyo ni mzito au hamu ya vitu ulivyovipenda imekwisha, na juu ya hapo usingizi umevurugika, chakula hakipiti, unasoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuuelewa na unajiona huna faida, nenda ukaonwe.

Usisubiri mpaka ulie. Wengi hawalii kabisa. Wanaumwa kichwa, kifua kinabana, tumbo linasokota. Mtu anapima malaria, anapima taifodi, anapewa dawa za vidonda vya tumbo, na hakuna aliyemuuliza analalaje. Kama vipimo vimerudi safi zaidi ya mara moja, mwambie tabibu wa zahanati ya chuo kinachokusumbua moyoni.

Nikiingia mle ndani nitafanywa nini?

Mlango unafungwa, unaulizwa kilichokuleta, unaongea kwa kasi yako. Huenda ukapewa karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: ni mara ngapi umekosa hamu, umekosa usingizi, umejiona umeshindwa maisha. Kila jibu lina alama, kuanzia 0 kwa aliyesema hapana kabisa hadi 3 kwa karibu kila siku. Ukifikisha 10 kati ya 27, mshauri hatakutangazia ugonjwa palepale. Ataendelea kuuliza, maana karatasi haijui kama umefiwa mwezi uliopita.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ndilo watu wanalolijibu haraka kuliko yote, 0, kisha wanageuza karatasi. Hofu hiyo ina chanzo: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Lakini kifungu hicho kinazungumzia jaribio. Kuwa na mawazo hayo na kuyasema kwa mshauri si kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba, na ninatamani sana na sisi tufike huko, maana aliyejaribu kufa anahitaji kitanda cha hospitali, siyo mahabusu.

Baada ya hapo ni mazungumzo, mara nyingi mara moja kwa wiki. Mtachukua tatizo moja, tuseme ada inayodaiwa au msimamizi wa tasnifu asiyejibu barua pepe, mtalipasua vipande na kuchagua kipande cha wiki hii.

Mkuu wa idara au wazazi wangu watajua?

Mshauri hapaswi kuwaambia. Siri ina mpaka mmoja mkubwa: uhai wako au wa mtu mwingine ukiwa hatarini. Muulize mwanzoni kabisa mpaka wake uko wapi, ni haki yako. Ukihitaji barua ya idara, omba iseme kwamba uko kwenye matibabu, bila kutaja ugonjwa.

Hapa vyuo vyenyewe vinajikwamisha. Pengi, ofisi inayotoa ushauri nasaha ndiyo hiyohiyo inayosikiliza kesi za nidhamu na malalamiko ya hosteli. Mwanafunzi akionekana kwenye benchi la nje, kila apitaye anajiuliza amefanya kosa gani. Chumba hicho kihamishwe. Hakihitaji bajeti kubwa, kinahitaji mlango wake wenyewe.

Nina sapu (mitihani ya marudio) tatu na naogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Naweza kuahirisha?

Taratibu za vyuo zina nafasi ya kuahirisha mitihani au masomo kwa sababu za kiafya, kwa uthibitisho wa daktari. Wengi wanaangushwa na muda: wanaingia chumba cha mtihani wakiwa wagonjwa, wanafeli, ndipo wanatafuta karatasi ya hospitali. Peleka maombi kabla ya mtihani, baki na nakala, na umwone afisa mikopo kabla hujaondoka ili ujue mkopo wako utakuwaje.

Dawa hazitanifanya teja?

Dawa za sonona kama fluoksetini hazileti uraibu wa aina ya diazepamu, dawa ya kutuliza. Shida yake ni subira: mara nyingi huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonyesha nafuu, wakati kichefuchefu huweza kuja siku za mwanzo. Kama hujafika miaka 25, uangaliwe kwa karibu wiki hizo. Mawazo ya kujidhuru yakiongezeka, rudi hospitali mara moja. Usiziache ghafla siku unayojisikia vizuri.

Mwenzangu wa chumba anasema amechoka kuishi.

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humwonyesha kwamba yupo mtu anayeweza kulisikia jibu. Akisema ndiyo, au ameanza kugawa laptopu na nguo zake na kuaga watu, usimwache peke yake. Ondoa dawa na vitu vya hatari chumbani, mwite wadeni, msimamizi wa hosteli, mpelekeni kitengo cha dharura. Hata akikuapisha usimwambie mtu, sema. Na maombi ya kanisani au dua ya shehe ziendelee kama anazitaka, sambamba na hospitali.

Mimi ni mhadhiri. Na sisi je?

Nanyi mnaumwa. Mafungu ya karatasi za kusahihisha, machapisho yanayosubiriwa ili upande cheo, mkataba wa muda usiojua kama utahuishwa, na juu yake mwanafunzi analia ofisini kwako. Naelewa kwa nini hutaki kukaa benchi moja na unaowafundisha. Basi nenda nje ya chuo: hospitali za Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zina huduma za afya ya akili, na hospitali ya rufaa ya mkoa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuhusu yule anayelia, huhitaji kuwa daktari wala kumpa hotuba ya jinsi ulivyosoma kwa shida. Funga kompyuta, msikilize, muulize kama anafikiria kujidhuru, kisha simama utembee naye mpaka kwa mshauri nasaha. Ukimwelekeza tu kwa kidole, huenda asifike.