Bangi ya nyumbani Ujerumani: usivune kwa kutazama nyuzi peke yake

Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima aliyeishi Ujerumani kwa angalau miezi sita anaruhusiwa kukuza mimea mitatu ya bangi nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, mbali na mikono ya watoto. (Kenya na Tanzania kilimo hicho bado ni kosa la jinai.) Kinachonisikitisha ni kuona kazi ya miezi ikiharibika mwishoni kwa sababu ya maneno ya kusikia.

Dhana: Nyuzi za ua zikigeuka kahawia, limeiva.

Nyuzi hizo ni za kupokea chavua. Hukauka pia zikichavushwa, zikiguswaguswa au zikipigwa na joto. Cha kutazama ni trikomu, yaani tezi ndogo za utomvu zenye umbo la uyoga, na utahitaji lenzi inayokuza mara 30 hadi 60. Zikiwa angavu kama maji, subiri. Zikigeuka nyeupe kama maziwa, ua limefika. Zikianza kuingia rangi ya kaharabu, kilele kinapita na THC, kemikali ya bangi inayolevya, inaanza kupungua. Tena chunguza ua lenyewe, wala si vijani vinavyolizunguka, kwa kuwa tezi za vijani hubadilika rangi mapema. Hapo hata wazoefu hukosea.

Dhana: Pakiti ya mbegu imeandika wiki nane za kuchanua, basi ni nane.

Hayo ni makadirio tu, na mara nyingi huwa mafupi kuliko hali halisi.

Dhana: Majani ya njano ni dalili ya kuiva.

Huenda ikawa hivyo. Huenda pia mmea umekosa naitrojeni, au mizizi imezama majini.

Dhana: Mmea wote huvunwa siku moja.

Maua ya juu, yanayopata mwanga mwingi, hutangulia. Yakate hayo, ya chini uyaache siku kadhaa.

Dhana: Ukizidi kungoja, mavuno yanazidi kuwa bora.

Kwa mmea ulio nje, Oktoba ya Ujerumani huja na mvua, baridi na umande. Ukungu wa kijivu, Botrytis, huanzia ndani ya ua nene huku nje likionekana zima. Ukiona jani dogo moja limenyauka katikati ya ua bichi, lipasue ulitazame ndani. Ukikuta ukungu, ua hilo litupe lote, kisha kagua mengine siku hiyo hiyo.