Kisigino kisichogusa chini

Mzazi anapomleta kliniki mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani aliyedhurika ubongo mapema na kuvurugikiwa misuli na mwendo, lalamiko la kwanza mara nyingi huwa lile lile: "Daktari, kisigino hakigusi chini." Ni kweli hakigusi, na soli ya kiatu imelika mbele ilhali nyuma bado ni mpya. Hapo ndipo kinapoanzia kishawishi cha kurefusha kano ya kisigino, kwa kuwa upasuaji wenyewe ni mfupi na kisigino hushuka siku hiyo hiyo. Naandika haya kwa sababu upasuaji huo, akifanyiwa mtoto asiyeuhitaji, unaweza kumnyang'anya uwezo wa kusimama wima, na kumrudishia ni kazi ngumu mno.

Namkumbuka mvulana wa miaka 11 ambaye kano zake zote mbili zilirefushwa katika hospitali nyingine alipokuwa na miaka 5. Mama yake alinieleza kwamba mwaka wa kwanza walifurahi, kwani nyayo zilikanyaga vizuri. Kisha magoti yakaanza kukunjika kidogo kidogo, mpaka akawa anatembea kama mtu anayetaka kuketi. Nilimwomba atembee ukumbini. Baada ya hatua chache alishika ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaibana pia, kile kifupa cha mbele, ya goti lililokuwa likimuuma.

Misuli ya shavu la mguu ina tabaka mbili zinazoungana katika kano moja ya kisigino. Tabaka ya nje huanzia juu ya goti, ya ndani huanzia chini yake. Mguu unapokanyaga, ile ya ndani huuzuia muundi, yaani sehemu ya mguu kati ya goti na kifundo, usiangukie mbele, na muundi ukitulia, goti hunyooka bila kuhangaika. Kano ikilegezwa kupita kiasi, muundi huanguka mbele, goti hukunjika, na misuli ya mbele ya paja hulazimika kuubeba mwili katika kila hatua, huku mtoto akizidi kukua na kuwa mzito.

Ndiyo maana kabla ya kufikiria kisu humlaza mtoto chali, nikamkunja goti na kuusukuma unyayo juu, kisha nikalinyoosha goti na kurudia. Unyayo ukipanda goti likiwa limekunjwa lakini ukigoma goti linaponyooshwa, basi iliyofupika ni tabaka ya nje peke yake, na kuikata kano nzima ni kuidhoofisha ile ya ndani isiyo na kosa. Wapo pia watoto ambao kifundo chao hakina tatizo lolote: kipo katika pembe mraba, ila nyonga na magoti yaliyokunjika ndiyo yanayokiinua kisigino kutoka ardhini. Kwa mtoto aliyeathirika upande mmoja tu wa mwili, hatari ya kulegeza kano kupita kiasi ni ndogo. Ninaowahofia zaidi ni wale walioathirika miguu yote miwili.

Tofauti hizi hazikujulikana kwa kukisia. Huko Marekani, madaktari wa mifupa Jacquelin Perry na David Sutherland walitumia miaka mingi kuupima mwendo, na mwaka 1980 Sutherland na wenzake walichapisha vipimo vya watoto 186 wenye afya, wa mwaka 1 hadi miaka 7, ambavyo viliwapa madaktari kigezo cha kumlinganishia mtoto mgonjwa. Katika maabara ya mwendo vijiduara vinavyong'aa hubandikwa kwenye ngozi, kamera huvifuatilia, na vibao vilivyofukiwa sakafuni hupima nguvu ya kila hatua. Mercer Rang, daktari wa mifupa wa watoto huko Toronto, Kanada, alionya juu ya watoto wanaopasuliwa kisigino mwaka huu, paja mwaka ujao, nyonga mwaka unaofuata, kiasi kwamba kila siku ya kuzaliwa huwakuta wodini. Vipimo vya mwendo vilisaidia kuona kasoro zote kwa pamoja na kuzirekebisha katika upasuaji mmoja.

Mimi sina maabara kama hiyo, lakini kukosa kamera za gharama hakunipi ruhusa ya kubahatisha. Tangu mwaka 2003 upo utaratibu wa Edinburgh, Uskochi, wa kutoa alama kwa video ya kawaida, vipengele 17 kwa kila mguu, na simu ya mzazi inatosha. Mimi huomba mtoto avae kaptura, atembee peku, arekodiwe kwa ubavu kila upande, kwa mbele na kwa nyuma, simu ikiwa usawa wa goti lake, kwa sababu ukirekodi kutoka juu pembe ya goti hupotea.

Mvulana yule tulimnyoosha mfupa wa paja juu kidogo ya goti na kuishusha pia ya goti mahali pake. Sasa anakwenda shule kwa magongo mawili, na chini ya suruali amevaa vifaa vigumu vinavyouzuia muundi usiangukie mbele, kazi ambayo misuli yake ilikuwa ikiifanya alipokuwa na miaka 5.