Baba Aliyefariki Miaka Sita Kabla ya Mwanawe Kuzaliwa

Wanaofika kwenye dawati letu la nyaraka hapa Kisumu na mti wa ukoo simuni huuliza kwanza: niupeleke tovuti gani? Mimi huwauliza: nani ataruhusiwa kuugusa?

FamilySearch ni ya bure, na mti wake ni mmoja kwa dunia nzima. Ukimweka marehemu pale, mwanachama yeyote anaweza kumrekebisha. Kwenye Ancestry mti ni wako, ila ukiuacha wazi wengine watanakili; kosa utakalosahihisha kwako litabaki kwao.

Sasa chukua tero, desturi ya Waluo ya mjane kurithiwa na ndugu wa mumewe. Tuseme mume alifariki 1944, mtoto akazaliwa 1950, akahesabiwa wa marehemu na kurithi shamba lake. Huku Uluoni, Seme au Alego, hakuna atakayeshangaa. Kompyuta itashangaa: itaonya kwamba tarehe hazipatani, na msamaria mwema wa mbali atamng'oa mtoto na kumpachika kwa baba yake mdogo. Kwa hiyo andika mapema, kwenye sehemu ya maelezo, kwamba huyu ni mwana kwa mila, na nani alikusimulia. Habari ya damu iandike tu ikiwa wenyewe wamekubali.

Majina nayo ni mtego. Otieno ni aliyezaliwa usiku, na usiku huingia kila kijiji! Mwaka kulingana hautoshi kumuunganisha wako na wa mwingine; tafuta jina la babake, la mkewe, na mlango wao wa ukoo. Mahali pia pana utata. Hadi 1902 Kisumu ilihesabiwa upande wa Uganda, na koloni ikaitwa Kenya mwaka 1920. Nyaraka za zamani zitakupa "Kavirondo", jina la kikoloni la eneo hili. Andika jina la wakati ule pamoja na la leo.

Mti huhama tovuti kwa faili ya GEDCOM, muundo ambao programu nyingi za ukoo huusoma. Kabla ya kuitoa, ondoa humo habari za walio hai. Tovuti nyingi huwaficha, lakini shangazi aliyewekwa kimakosa kati ya marehemu ataonekana na kila mtu, na jina la mamake pamoja na tarehe ya kuzaliwa ni mambo ambayo hata benki huuliza ili kumtambua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo kwa ajili ya watu kama yeye.

Na faili hiyo ni maandishi matupu. Picha ya nyanya haisafiri ndani yake; ipakie kando, ikiwa na majina ya waliosimama naye.