Laikipia na ile miaka 99

Agosti 2004 wafugaji wa Kimaasai waliingiza mifugo kwenye ranchi za Laikipia, Kenya, wakisema mkataba wa miaka 99 uliosainiwa na Waingereza mwaka 1904 umekwisha na ardhi inarudi kwa wenyewe. Hadi leo utasikia habari hiyo ikisimuliwa hivyo. Hesabu yenyewe inakataa: 1904 ukijumlisha 99 unapata 2003.

Mkataba uliosainiwa Agosti 1904 na Olonana, kiongozi wa Wamaasai, pamoja na wazee wengine haukutaja miaka 99 popote. Uliwahamisha Wamaasai kutoka Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia, na uliahidi kwamba watakaa huko maadamu kabila lao lipo. Ahadi nzito. Haikumaliza hata miaka 10. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili wa kuwaondoa Laikipia na kuwapeleka kusini, na nafasi yao ikachukuliwa na walowezi na ranchi zao. Wamaasai walikwenda mahakamani, lakini mwaka 1913 kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ni ya mataifa mawili, hivyo mahakama ya koloni haina uwezo nayo. Taifa, ila lisiloweza kukataa kuhamishwa!

Basi 99 ilitoka wapi? Ilikuwa muda wa kukodisha ardhi kwa walowezi chini ya sheria ya 1902. Sheria ya 1915 ikaruhusu miaka 999. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoweka kikomo cha 99 kwa wasio raia.